Kweli au Si Kweli? Tunayoambiana Kuhusu Kemikali

Kemia tunafundishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni darasani, ubaoni, kwa fomula na milinganyo. Mara ya pili ni jikoni, gereji, dukani kwa Mangi na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtihani ukishapita, somo la kwanza hupukutika. La pili hubaki, na ndilo linaloamua nani atalala na jiko la mkaa chumbani, nani atachanganya dawa za choo, na nani atalipa bei mara mbili kwa sababu muuzaji kamwambia bidhaa yake haina kemikali. Nimekusanya baadhi ya kauli hizo na kuzitolea hukumu. Si zote za uongo. Baadhi zina ukweli nusu, na katika mambo ya kemikali ukweli nusu ndio huumiza zaidi.

“Hiki ni cha asili, hakina kemikali.”

Si kweli, wala haiwezi kuwa kweli. Kila kinachoshikika, kinachonyweka au kinachovutwa puani kimeundwa kwa kemikali. Maji ni kemikali. Chumvi ya mezani ni kemikali, tena ya kustaajabisha: ni sodiamu, metali inayowaka na hata kulipuka ikitupwa majini, iliyoungana na klorini, gesi ya sumu. Zikishaungana huzaa kitu cha tatu ambacho hakikurithi tabia ya baba wala ya mama, nasi tunakinyunyiza kwenye mboga. Ndiyo maana mtu hawezi kukihukumu kitu kwa kutaja tu elementi zilizomo ndani yake.

Anayesema “cha asili” kwa kawaida anataka usikie “salama”, na hapo ndipo pabaya. Muhogo mchungu ni wa asili mia kwa mia. Ndani ya mizizi na majani yake mna linamarini, dutu ambayo seli za mmea zikipasuka hukutana na kimeng’enya chake na kutoa sianidi. Wazee wetu hawakulijua jina hilo, lakini walijua la kufanya: kuloweka, kuvundika, kuanika, kutwanga. Kila hatua ina kazi yake. Anayetwanga kisamvu anapasua seli ili sumu itoke, na kwa kuwa sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, chungu kilicho wazi jikoni huifukuza hewani. Akifupisha kazi, sumu hubaki. Mwaka 1985 ukame ulipoibana Tarime, watu waliokula muhogo ulioandaliwa haraka haraka walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usio na tiba. Hapakuwa na kiwanda wala dawa ya kunyunyizia.

Sumukuvu nayo ni ya asili. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mengi yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa. Kuyapika ugali hakusaidii, kwa maana sumu hiyo inastahimili moto wa jikoni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani gramu moja iliyotawanyika ndani ya tani 100. Hakuna jicho linaloona kitu kama hicho, wala ulimi unaokihisi.

Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541, alikwisha kusema kwamba kila kitu ni sumu, na kinachotenganisha sumu na dawa ni kipimo. Karibu miaka 500 baadaye bado tunauliza “kimetoka wapi?” pale tulipopaswa kuuliza “ni kiasi gani?”

“Maji yakishachemka ni salama.”

Kweli kwa vijidudu. Si kweli kwa vilivyoyeyuka ndani yake, na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru vinaujua ukweli huo kwa meno yao. Udongo na miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini ya floridi, na maji yanayopita humo huyabeba. Mtoto anayekua akinywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Akizidisha kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda na kukakamaa. Anayehamia huko akiwa mtu mzima meno yake hayabadiliki, kwa kuwa madoa huingia wakati jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi.

Sasa chukua sufuria ya lita mbili za maji yenye miligramu 3 za floridi kwa kila lita. Jumla umebeba miligramu 6. Yachemshe hadi nusu lita itoke kama mvuke. Kilichotoka ni maji matupu; floridi imebaki yote, sasa ndani ya lita moja na nusu, yaani miligramu 4 kwa lita. Umeua bakteria na umeongeza ukali wa floridi kwa moto huo huo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwenye maji ya vijijini, kwa hesabu kwamba kukosa maji kabisa ni balaa kubwa kuliko meno ya kahawia; baadaye kiwango kikashushwa.

Dawa iliyofanyiwa kazi Ngurdoto, mkoani Arusha, na Nakuru upande wa Kenya, ni mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mifupa huchomwa kwa kipimo, husagwa, kisha maji hupitishwa ndani yake. Inafaa kwa sababu ile ile iliyoyaharibu meno: madini yanayojenga mfupa na jino huipenda floridi na kuishikilia. Ukiweka mfupa wa ng’ombe mbele, floridi inang’ang’ania huko kabla haijafika kwenye kinywa cha mtoto. Mimi sijaona mfano mzuri kuliko huo wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba kemia ile ile inaweza kudhuru na kuponya. Na ikumbukwe kuwa floridi kwa kiasi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana inatiwa kwenye dawa ya mswaki.

“Mkaa ukishawaka vizuri na moshi ukaisha, unaweza kuingiza jiko ndani.”

Si kweli, na kauli hii inaua watu kila msimu wa baridi, kuanzia nyanda za juu za Njombe na Mbeya hadi Limuru. Mkaa unapoungua ukipata hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi. Hewa ikipungua, kaboni hupata oksijeni nusu na kutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi mweusi unaokuliza machozi angalau unakuamuru utoke nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayakuambii kitu.

Ndani ya damu, kaboni monoksaidi hukamata himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida lakini haibebi hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa kuwa mtu hudhani ni uchovu, hulala. Jiko la mkaa ni la nje, au la chumba cha kupikia chenye uwazi mkubwa wa hewa. Watu wawili chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja usiku wa baridi, msijadili: tokeni, kisha fungueni milango.

Wapo wanaojibu kwamba wao wana pua kali. Pua ina udhaifu mwingine. Gesi ya salfidi ya haidrojeni, ile inayonuka yai viza, inatambulika hata ikiwa kidogo sana hewani. Inapozidi, hupooza mishipa ya kunusa na harufu hutoweka. Mtu aliyeingia kwenye shimo la choo au tangi la maji taka na kuona harufu imekatika ghafla asishukuru. Hiyo ndiyo dalili ya mwisho ambayo atapata muda wa kuitambua, na ndiyo maana mara nyingi anayeshuka kumwokoa naye hufia humo humo.

“Asidi ndiyo inayounguza, besi ni laini tu, kama sabuni.”

Si kweli. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na kina ncha mbili za hatari. Limao lina pH ya kama 2 na tunalikamua kwenye samaki. Tumbo lako linatengeneza asidi kali kuliko hiyo kila siku. Upande wa pili wa kipimo ndiko iliko kostiki soda, inayotumiwa na vikundi vingi vya akina mama watengeneza sabuni, mara nyingi bila miwani wala glovu.

Kostiki hula mafuta na protini. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukigusa maji yake ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yakigeuka sabuni. Asidi nyingi zikigusa ngozi hugandisha protini na kujizuia kidogo. Besi kali huyeyusha njia na kuendelea kuzama, tena maumivu yakichelewa kuanza. Kwenye jicho tofauti hiyo ni tofauti ya kuona na kutoona. Wanaotengeneza sabuni wavae miwani ya kukinga macho kabla ya kununua kalibu ya kupendeza ya kumwagia sabuni.

“Asidi ikikurukia, paka magadi yakate makali.”

Hapana. Hesabu ya daftari inasema asidi na besi huzimana na kuacha chumvi na maji. Daftari haliungui. Asidi na besi zinapozimana hutoa joto, na joto hilo sasa linatolewa juu ya ngozi iliyokwisha kujeruhiwa. Isitoshe, hakuna anayeweza kukadiria kiasi sawa akiwa kwenye taharuki. Akizidisha, anaongeza jeraha la pili. Dawa ya mswaki, asali, siagi na yai ni vivyo hivyo. Kinachotakiwa ni maji safi yanayotiririka, mengi, kwa dakika 20 bila kukatiza, huku nguo zilizolowa zikivuliwa. Kama ni jicho, shikilia kope wazi. Dakika 20 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, tumia saa.

“Asidi iende kwenye maji, si maji kwenye asidi.”

Kweli kabisa. Mafundi betri wanaijua kwa vitendo, ingawa wanafunzi wengi huikariri bila kujua sababu. Asidi ya salfa ya asilimia 98 ina uzito karibu mara mbili ya maji kwa ujazo ule ule. Ukimimina maji juu yake, maji huelea, na pale yanapogusana na asidi joto huwa kali kiasi cha kuyachemsha papo hapo. Yanaruka yakiwa yamebeba asidi, na kilicho juu ya chombo ni uso wako. Ukimimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ukikoroga, asidi inazama na joto linagawanywa.

“Jiki ukichanganya na dawa ya choo, choo kinatakata zaidi.”

Si kweli. Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti. Dawa nyingi za kuondoa madoa ya choo zina asidi ya haidrokloriki. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, yaani pale pale alipo mtu aliyeinama akisugua. Jiki na amonia nazo hazipatani. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie nyingine.

“Ziwa Natron linageuza ndege kuwa mawe.”

Uongo unaopendeza. Ulienea duniani mwaka 2013 baada ya picha za Nick Brandt, aliyewakuta ndege na popo waliokufa na kukaushwa na magadi ukingoni mwa ziwa, akawapanga kana kwamba wamekaa wakiwa hai. Maji ya ziwa ni besi kweli kweli, pH yake hupita 10, na chumvi zake huhifadhi mizoga. Lakini hakuna ndege anayetua na kuwa jiwe. Sehemu kubwa ya flamingo wadogo wa dunia huzaliwa hapo hapo, juu ya magadi, kwa kuwa maadui zao hawawezi kuvuka kuwafuata.

“Zebaki ukiichoma inaisha.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kauli hii inasikika kwenye machimbo madogo ya dhahabu, Geita, Chunya, Migori, na inabeba kosa la msingi kuliko yote. Zebaki ni elementi. Elementi haiteketei kwa moto wa mkaa, haiozi, haiyeyuki ikapotea. Mchimbaji anaichanganya na mchanga wenye dhahabu, zebaki inaikamata dhahabu na kufanya donge, analikamua kwa kitambaa, kisha analiweka kwenye moto. Zebaki inageuka mvuke na dhahabu inabaki. Anaona kwa macho yake kwamba zebaki imekwisha. Imehama tu. Sehemu imeingia mapafuni mwake na mwa mkewe anayepika karibu, nyingine itashuka juu ya paa, shamba na mto.

Lililo la ajabu ni kwamba zebaki ya maji maji ikimezwa, kama mtoto aliyevunja kipimajoto cha zamani, karibu yote hupita tumboni bila kufyonzwa. Ikivutwa kama mvuke, takriban asilimia 80 huingia mwilini na kufika hadi kwenye ubongo. Dutu ni moja, mlango ni tofauti, na hatari haifanani. Kwa hiyo kitu kinachong’aa na kuteleza mkononi, ambacho watoto hukichezea, kinadhuru zaidi pale kinapoacha kuonekana. Hata bila moto hutoa mvuke kidogo kidogo kwenye joto la kawaida la chumba. Ikimwagika maabara, haifagiliwi kwa ufagio unaoivunja kuwa vitone elfu, wala hainyonywi kwa mashine ya kufagilia.

Iliyofika mtoni ina safari ya tatu. Bakteria wa matopeni huibadili kuwa zebaki ya methili, inayopanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwa samaki mkubwa. Zebaki ya aina hiyo, iliyomwagwa na kiwanda, ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliobeba jina la mji huo ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Mchimbaji asiye na njia nyingine angalau atumie chombo cha chuma kilichofungwa, kinachoupitisha mvuke kwenye bomba la kupoza na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Kinalinda mapafu na kinaokoa fedha, na kwa mtu anayehesabu shilingi hoja ya pili huwa na nguvu kuliko ya kwanza.

“Nimevaa glovu, nimelindwa.”

Inategemea glovu gani na kemikali gani. Tarehe 14 Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondosha tone au mawili ya zebaki ya dimethili kwenye mkono uliovaa glovu ya mpira wa lateksi. Alikuwa akifanya kazi ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, kwa kufuata taratibu za wakati huo. Miezi mitano baadaye alianza kupepesuka na kushindwa kutamka maneno. Alifariki tarehe 8 Juni 1997. Majaribio yaliyofanywa baada ya ajali yalionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya lateksi ndani ya sekunde chache.

Zebaki ya dimethili haipo kwenye maabara ya shule. Lakini petroli ipo gereji, na glovu nyembamba za hospitali hazikutengenezwa kwa ajili ya petroli, tina ya rangi wala kostiki. Zilitengenezwa kuzuia damu na vijidudu. Tena glovu ina tatizo la pili: aliyeivaa husahau. Anapokea simu, anashika kitasa, anajikuna pua, na kila alipogusa ameacha kilichokuwa mkononi. Vua kabla ya kushika kitu chochote cha watu wote.

Nguo nazo zina la kusema. Tarehe 29 Desemba 2008, msaidizi wa utafiti Sheri Sangji aliungua katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kemikali inayowaka yenyewe hewani ilipomwagika. Hakuwa amevaa koti la maabara, na sweta lake lilikuwa la nyuzi za plastiki. Alifariki siku 18 baadaye, akiwa na miaka 23. Koti la pamba kwa mwanafunzi aliye mbele ya moto lina faida kuliko sweta zuri la sare. Pamba inaungua, nailoni inayeyuka na kugandamana na ngozi.

“Kimepimwa maabara, basi hakuna ubishi.”

Ubishi upo, na mkemia mzuri ndiye huuanza. Swali lake la kwanza ni sampuli imetoka wapi. Wafanyabiashara wa nafaka wana bambo, kile chuma chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia kutoa punje chache za kuangalia. Sumukuvu haijatandazwa sawasawa gunia zima; hindi moja bovu laweza kubeba sumu nyingi kuliko maelfu ya punje zilizolizunguka. Aliyechoma bambo mara moja, pembeni, na kupeleka punje hizo maabara, atapata jibu sahihi la swali lisilo sahihi. Mashine imepima ilichopewa.

Swali la pili ni mashine ilipima nini hasa. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, naye wa maabara ile ile ya Carlsberg, alitoa njia ya kupima naitrojeni kwenye nafaka. Kwa kuwa protini ina naitrojeni kama asilimia 16, ukijua naitrojeni unazidisha na kupata protini. Njia ni nzuri, imetumika zaidi ya karne moja kupima unga, nyama na maziwa. Ila haipimi protini. Inapima naitrojeni na kudhani imetoka kwenye protini.

Walanguzi wa maziwa nchini China waliligundua pengo hilo. Waliongeza maji, kisha wakatia melamini, dutu ya viwanda vya plastiki yenye naitrojeni karibu asilimia 67. Kipimo kikasoma protini ya kutosha. Mwaka 2008 watoto wachanga wapatao 300,000 waliathirika, wengi kwa mawe ya figo, na sita wakafariki. Hakuna mashine iliyoharibika na hakuna tarakimu iliyoghushiwa. Aliyesoma namba alisahau kuuliza namba hiyo ni ya nini.

Halafu kuna neno “haikuonekana” kwenye ripoti. Watu hulisoma “haipo”. Kila njia ya kupima ina kima cha chini ambacho haiwezi kuona chini yake, na ripoti iliyo sawa hukitaja. Namba isiyo na kizio nayo ni ya kutiliwa shaka. “Maji yana risasi 5” inaweza kuwa habari njema ikiwa ni mikrogramu kwa lita, au msiba ikiwa ni miligramu.

Ugonjwa huu wa kuabudu namba tunaanza nao sekondari. Katika jaribio la kupima asidi kwa bureti, wanafunzi wanajua kwamba majibu matatu yanatakiwa yakaribiane, hivyo wanapata moja la kweli na kutunga mawili. Wengine wananong’onezana jibu “la mwalimu” kabla ya kufungua bomba la bureti. Alama wanapata. Walichojifunza ni kughushi, na baadhi yao ndio watakaokuja kusaini ripoti za maji tunayokunywa. Ningekuwa mtungaji wa mtihani ningempa alama zaidi aliyeandika majibu yaliyotawanyika na kueleza kwa nini yametawanyika.

“Bila maabara huwezi kufundisha kemia.”

Nusu kweli. Vitu vingine haviigizwi. Lakini maji ya rosela, ile choya inayouzwa kama juisi, ni kiashiria halisi cha asidi na besi: ni mekundu yakitiwa limao, na huelekea kijani yakitiwa magadi. Mwalimu mwenye vikombe sita, limao, magadi, sabuni, majivu na siki ana somo la vipindi viwili. Asichopaswa kukifanya kwa vikombe hivyo ni kuruhusu watoto waonje. Kanuni ya kutoonja ianze siku ambayo vilivyopo mezani ni vya nyumbani tu, ili iwe imeshazoeleka siku kitakapokuwepo chenye sumu.

“Chupa ya soda ikioshwa vizuri inafaa kuwekea chochote.”

Si kweli, na ingekuwa ni mimi ningeanza na hii kwenye kila semina ya usalama wa maabara. Mafuta ya taa, asidi ya betri, kostiki iliyokwisha kuyeyushwa, dawa ya kupe: vyote huuzwa rejareja kwa kumiminwa kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo, na kwenye chupa hizo lebo anayoijua inasema soda.

Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa au kemikali inayounguza, usimtapishe. Wala usimlazimishe kunywa maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakiwa tumboni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Asidi na kostiki zikipanda huunguza koo kwa mara ya pili. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa pamoja na kilichobaki ndani, ili daktari asikisie.

Kabla hujalala leo, pita jikoni, stoo na chini ya karo. Kila kemikali iliyo ndani ya chupa ya kinywaji ihamishie kwenye chombo chake, andika jina kwa kalamu isiyofutika, na uiweke juu ya kimo cha mtoto. Isiyojulikana ni nini, usiinuse wala usiimwage kwenye sinki. Iweke kando, imefungwa, hadi umpate aliyeinunua.